Hesabu ya Nani Atolewe

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya sita, kuna mwanamke anayemlilia mfalme. Jeshi la Shamu limeuzingira mji wa Samaria mpaka kichwa cha punda kinauzwa kwa vipande 80 vya fedha. Mfalme anapita juu ya ukuta, mwanamke anapaza sauti akiomba msaada. Shauri lake ni hili: yeye na mwenzake walikubaliana kwamba leo wamle mtoto wa huyu, kesho wamle wa yule. Wa kwanza ameshaliwa. Ilipofika zamu ya wa pili, mama yake akamficha.

Nimeijua habari hiyo tangu utotoni, na kwa miaka mingi nilichokiona ni ule mlo wa kutisha tu. Siku hizi kinachonikosesha usingizi ni mashtaka yenyewe. Mwanamke yule haendi kwa mfalme kumlilia mwanawe. Analalamika kwamba amepunjwa. Palikuwa na makubaliano, yeye katimiza upande wake, mwenzake kayavunja, na sasa anataka aamuliwe kama mtu aliyeibiwa mpaka wa shamba. Njaa imemvua umama, lakini hesabu imemwachia.

Tumezoea kusema kwamba dhiki inapozidi, utu huambuka kama rangi mbovu ukutani na mnyama aliye ndani hujitokeza. Maneno hayo yamesemwa sana, na mimi siyaamini. Mnyama hawekeani mkataba na mwenzake. Fisi mwenye njaa haketi kupanga zamu, wala hamtafuti mfalme amdai mwenzake. Anachokifanya binadamu anapopigania uhai wake ni cha kibinadamu tangu mwanzo hadi mwisho: kupima, kulinganisha roho na roho, kuamua ipi nyepesi, kisha kutafuta maneno ya kuufunika uamuzi. Ndiyo maana naona tunakosea tunapomtazama aliyekonda kuliko wote tukidhani tutauona kwake upande wa giza wa binadamu. Mtu wa kumtazama ni yule aliyeshika mizani.

Mwenye njaa hana miiko, walisema wahenga. Nimekuja kugundua kwamba methali hii husemwa na watu wawili wasiofanana hata kidogo. Wa kwanza humsemea mwenzake: amemwona mtu kaiba chakula, akataka asihukumiwe kama jambazi. Huyo anaitumia kwa huruma, na ninamwelewa. Wa pili hujisemea mwenyewe, na mara nyingi ameshiba. Huyo anatafuta kibali. Sehemu kubwa ya maovu yanayofanywa kwa jina la kuishi hufanywa na huyu wa pili.

Tuanze na tumbo lenyewe, maana kazi ya njaa mwilini imepimwa. Novemba 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwakusanya vijana 36 waliojitolea kushinda njaa kwa makusudi, ili ijulikane namna ya kuwahudumia watu walioachwa mifupa mitupu na vita. Wote walikuwa watu waliokataa kwenda vitani kwa sababu za dhamiri. Walikuwa tayari kufungwa kuliko kuua. Kwa miezi sita walipewa chakula kisichotosha huku wakifanya kazi na kutembea kila siku, na kila mmoja akapoteza karibu robo ya uzito wake.

Walichokuwa ndicho hiki. Walilamba sahani. Walikusanya vitabu vya mapishi wakavisoma kitandani kama watu wanavyosoma hadithi za mapenzi. Mapenzi yenyewe yakawatoka kabisa. Mizaha ikaisha. Wakachukia namna mwenzao anavyotafuna, wakakwepa mazungumzo, wakakaa kila mtu na baridi yake. Baadhi walivunja masharti na kujipatia chakula mjini kwa siri, hata ikabidi pawekwe utaratibu wa kutotoka peke yako. Mmoja alijikata vidole vitatu kwa shoka na baadaye hakuwa na hakika kama alikusudia.

Ni picha ya kusikitisha, lakini si picha ya waovu. Njaa iliwapunguza. Iliwafanya wadogo, wakali, wenye kuwaza jambo moja. Ilipunguza pia idadi ya watu ambao mtu anaweza kuwabeba moyoni, na hilo nalitilia uzito, maana huko ndiko mlango unakofunguliwa: mtu asiye na nafasi ya kumwaza mwingine ni rahisi kumtoa mwingine. Ila mlango kufunguka ni jambo moja, na kupita ni jingine. Kweli, vijana wale walijua siku ya mwisho ya jaribio, na walijua kuna daktari chumba cha pili. Mwenye njaa ya kweli hajui tarehe.

Basi twende kwa wasioijua tarehe. Leningrad, jiji la Urusi, ilizingirwa na majeshi ya Ujerumani tangu Septemba 1941 hadi Januari 1944. Kati ya mwishoni mwa Novemba na mwishoni mwa Desemba 1941, wategemezi, watoto na watumishi wa ofisini walipewa gramu 125 za mkate kwa siku, mkate wenyewe ukiwa umechanganywa na vitu ambavyo havikuwa unga. Mamia ya maelfu ya raia walikufa. Na ndiyo, watu walikula watu. Nyaraka za polisi wa siri wa Kisovieti, zilizofichwa kwa miongo mingi, zinaonyesha kwamba waliokamatwa kwa kosa hilo walikuwa 2,000 hivi. Wengi walikuwa wanawake, wengi hawakuwa na kazi, na karibu wote hawakuwahi kuwa na rekodi ya uhalifu. Polisi wenyewe walitenganisha waliokula maiti na wale walioua ili wale.

Namba hiyo inaweza kusomwa kwa namna mbili, na naomba msomaji aizuie akili yake isikimbilie ya kwanza. Watu 2,000 ni wengi mno. Lakini jiji lile lilikuwa na watu zaidi ya milioni mbili, wote wakiwa na njaa ileile, baridi ileile, giza lilelile. Kama njaa ndiyo inayomtoa mnyama ndani yetu, basi karibu jiji zima lilikataa kumtoa.

Uovu mwingine wa Leningrad hauzungumzwi sana kwa sababu hausisimui. Ni wa kadi. Kila mtu alikuwa na kadi ya mgao, na kuipoteza ilikuwa karibu sawa na kuhukumiwa kifo. Aliyemwibia mwenzake kadi alimuua bila kumgusa, na hakuiona maiti. Kulikuwa pia na waliokuwa karibu na chakula, jikoni, maghalani, kwenye maduka ya mkate, na ambao miili yao haikukonda kama ya wengine. Hao hawakuwa na kisu. Walikuwa na kijiko cha kupimia.

Lakini katika jiji hilohilo kulikuwa na taasisi ya mbegu iliyojengwa na Nikolai Vavilov, mwanasayansi aliyezunguka dunia akikusanya mbegu ili watu wasife njaa. Ghala lilikuwa na tani za nafaka, kunde na viazi. Watunzaji wake waliamua kutozigusa. Dmitri Ivanov, aliyetunza mpunga, alikufa kwa njaa akizungukwa na maelfu ya pakiti za mpunga. Alexander Shchukin, mtunzaji wa karanga, alifia mezani pake. Na Vavilov mwenyewe hakuwepo kuwaona. Serikali yake ilikuwa imemkamata mwaka 1940, na Januari 1943 akafa gerezani Saratov, amedhoofu kwa njaa. Sijui namna ya kuandika sentensi hiyo bila kusimama kidogo.

Sasa nifike mahali ninapoona jambo lenyewe limekaa wazi kuliko kwingine kote: kwenye kamba.

Julai 1816 manowari ya Kifaransa iitwayo Méduse ilikwama kwenye fungu la mchanga karibu na pwani ya Mauritania, ikielekea Senegal. Nahodha wake, Hugues Duroy de Chaumareys, alipewa cheo kwa ukoo na utiifu wa kisiasa kuliko kwa ubaharia. Meli ilikuwa na watu wapatao 400, na mashua hazikutosha. Likaundwa chelezo kwa mbao na milingoti, wakapandishwa watu 147, wengi wao askari wa kawaida na mabaharia, wakasimama wamebanana huku maji yakiwafika kiunoni. Wakubwa walipanda mashua. Ahadi ilikuwa kwamba mashua zitalivuta chelezo kwa kamba hadi nchi kavu.

Hawakwenda mbali. Chelezo lilikuwa zito, mashua zikalemewa, na kamba ikaachiwa. Mashua zikaenda zake.

Yaliyotokea baadaye ndiyo yanayosimuliwa siku zote. Usiku wa kwanza watu walisombwa na mawimbi. Usiku uliofuata wakauana kwa mapanga na visu, wakigombania katikati ya chelezo, mahali pekee palipokuwa na usalama, na mapipa ya divai, na katika vurugu hiyo maji ya kunywa yakapotea. Muda si mrefu baadaye wakaanza kula maiti. Walipobaki wachache, wale waliokuwa na nguvu walifanya baraza, wakakubaliana kwamba majeruhi na wagonjwa wanamaliza divai bure, wakawatupa baharini. Siku ya 13 meli nyingine ikawaona. Walikuwa 15.

Kila anayesimulia hukaa kwenye chelezo, kwa sababu kwenye chelezo ndiko kuna damu. Mimi nataka tukae kidogo kwenye mashua. Waliokuwa humo siku ile hawakuwa na njaa. Hawakuwa na kiu. Walikuwa na hofu kwamba huenda wakafikwa na hayo. Mikono iliyoachia kamba ilikuwa ya watu walioshiba asubuhi yake, na hakuna aliyelazimika kumtazama machoni aliyekuwa anamuua. Ukatili wote wa siku 13 zilizofuata ulitokana na tendo lile moja la utulivu, lililofanywa na watu wenye vyeo na mavazi makavu. Waliobaki nyuma waliitwa wanyama. Walioachia kamba walifika nchi kavu. Nahodha alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu.

Tena hata chelezoni kwenyewe, msomaji aangalie vizuri lile baraza la mwisho. Mapigano ya usiku yalikuwa vurugu: giza, divai, wazimu wa jua. Kuwatupa wagonjwa kulifanywa mchana, baada ya majadiliano, kwa sababu zilizopangwa vizuri. Waliandika wenyewe walipookoka. Waliyaeleza ya usiku kama mambo yaliyowapata, na haya ya mchana kama mambo waliyoyaamua. Mfa maji haachi kutapatapa, na akimzamisha mwenzake katika kutapatapa huko sina la kumwambia. Ninachokiogopa ni wakati ameacha kutapatapa na kuanza kuhesabu.

Hesabu hiyo ina tabia moja isiyobadilika: jibu lake siku zote ni mnyonge. Mwaka 1884 mashua ya Kiingereza Mignonette, ikiwa safarini kwenda Sydney, ilizama katika Atlantiki ya Kusini. Watu wanne waliingia kwenye kimashua kidogo wakiwa na makopo mawili ya tanipu na bila maji: nahodha Tom Dudley, Edwin Stephens, Edmund Brooks, na kijana wa kazi, Richard Parker, mwenye miaka 17. Kwa majuma kadhaa hawakuwa na chakula zaidi ya kobe mmoja waliyemnasa. Parker akanywa maji ya bahari, akaugua. Ilizungumzwa habari ya kupiga kura, kura haikupigwa. Dudley na Stephens walisema wao wana wake na watoto, kijana hana baba wala mama, na tena yu karibu kufa. Brooks hakukubali kushiriki katika kuua, ingawa baadaye alikula. Dudley akasali, akamwambia kijana kwamba saa yake imefika, akamchinja. Siku chache baadaye meli ya Kijerumani ikawaokoa.

Hawakuficha kitu. Waliporudi Uingereza walieleza yote kwa uwazi, kwa sababu hawakufikiri wametenda kosa. Watu wengi walikuwa upande wao, na kaka yake marehemu aliwapa mkono mahakamani. Jaji Coleridge hata hivyo aliuliza swali ambalo sijaona bado aliyelijibu: nani awe mwamuzi wa dharura ya namna hiyo, na uhai wa mtu upimwe kwa kipimo gani? Akaonyesha kwamba aliyechaguliwa alikuwa dhaifu kuliko wote, mdogo kuliko wote, asiyeweza kujitetea. Walihukumiwa kifo, adhabu ikapunguzwa hadi kifungo cha miezi sita. Naona kupunguzwa kulikuwa haki, na hukumu pia ilikuwa haki. Mtu anaweza kustahili huruma bila kustahili kuambiwa kwamba alifanya sawa.

Karne nyingi kabla yake, Abu Hamid al-Ghazali, mwanazuoni aliyefariki mwaka 1111, aliutafakari mfano wa chombo kinachokaribia kuzama: je, abiria wapige kura wamtupe mmoja ili waliobaki waokoke? Akasema haijuzu. Na hii ni sheria inayoijua dharura vizuri, inayomruhusu aliyeshikwa na njaa ale hata mzoga. Dharura humfungulia mtu kilicho haramu kwake. Haimfungulii uhai wa mwenzake.

Ukitaka kuona tofauti hiyo ikiishi, panda juu ya milima ya Andes. Oktoba 1972 ndege iliyokuwa imebeba timu ya raga kutoka Uruguay ilianguka kwenye theluji ikiwa na watu 45. Baada ya siku 72 waliokolewa watu 16. Walikula nyama ya wenzao waliokufa. Kwa macho ya mbali ni kitendo kilekile cha kwenye Mignonette, na nimewasikia watu wakizitaja habari hizi mbili kwa pumzi moja. Lakini kule mlimani walio hai walipeana ruhusa: mimi nikifa, mwili wangu uwasaidie. Hakuna aliyeuawa. Majeruhi walihudumiwa na wenzao wasio na dawa. Njaa ilikuwa ileile, nyama ilikuwa ileile, na kilichokosekana ni mtu wa kumtazama mwenzake akiwa hai na kumhesabu kama chakula. Ndiyo maana sikubali kwamba giza liko kwenye kula.

Na mara nyingi giza haliko hata karibu na wanaokufa. Mwaka 1943 njaa iliua watu wanaokadiriwa kufika milioni tatu katika Bengal, wakati India ikiwa bado chini ya Uingereza. Japani ilikuwa imeiteka Burma mwaka uliotangulia, na mchele uliotoka huko ukakatika. Serikali ya kikoloni, ikihofia uvamizi, ilizichukua mashua za wanavijiji, na katika nchi ya mito kumnyang'anya mtu mashua ni kumkata miguu. Mgao ukawekwa kwa wafanyakazi wa Calcutta waliohitajika vitani. Bei zikapanda, wenye ghala wakafunga milango wakisubiri zipande zaidi. Mchumi Amartya Sen, aliyeiona njaa ile akiwa mtoto, alieleza miaka mingi baadaye kwamba chakula kilichokuwepo mwaka ule hakikuwa pungufu kuliko cha mwaka 1941, ambao haukuwa na njaa. Waliokufa ni vibarua wa mashambani, wavuvi, wasio na kipande cha ardhi: watu ambao mikono yao haikuwa na thamani tena sokoni.

Tume iliyochunguza janga hilo ilitoa ripoti mwaka 1945. Ndani yake mna hesabu ambayo sijawahi kuisahau: faida ya ziada iliyopatikana kwa biashara ya mchele mwaka ule, ikigawanywa kwa idadi ya waliokufa kama tume ilivyoikadiria, ilikuwa karibu rupia 1,000 kwa kila maiti.

Waliofunga maghala hawakuwa mashetani. Kila mmoja angekueleza kwamba ana watoto, kwamba hakuna ajuaye kesho, kwamba asipofanya yeye atafanya jirani. Kuishi ndilo neno lililotumika. Dudley alilitumia akiwa na siku tano bila maji, na wao wakalitumia wakiwa wameegemea magunia.

Baharini nako hesabu hii imepigwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala walichapisha mwaka 2012 uchambuzi wa ajali 18 za meli kuanzia mwaka 1852. Walikuta kwamba walionusurika zaidi ni wafanyakazi wa meli, asilimia 61, na watoto ndio wa mwisho kabisa, asilimia 15. Titanic, ambako wanawake na watoto walitangulizwa, ni habari ya nadra, na tumeigeuza kuwa desturi ya bahari ambayo haikuwahi kuwa desturi. Wenye ufunguo na wenye kujua njia hutoka kwanza. Miaka miwili baadaye, Aprili 2014, feri Sewol ilipinduka Korea Kusini. Abiria, wengi wao wanafunzi, walitangaziwa wabaki walipo. Nahodha akaondoka. Watu 304 walikufa, wengi wakiwa wametii.

Nina wasiwasi na jambo moja zaidi, nalo linatuhusu sisi tunaoandika na kusoma. Dhiki ya wengine hutupa hamu ya kuwahukumu. Mwanaanthropolojia Colin Turnbull aliishi miaka ya 1960 na Waik, watu wachache wa milimani kaskazini-mashariki mwa Uganda, wakati wa ukame na njaa. Mwaka 1972 alichapisha kitabu kilichosomwa dunia nzima, akisema amewakuta watu waliopoteza upendo kabisa, wazazi wanaowafukuza watoto, vijana wanaowapokonya wazee tonge mdomoni. Alifika mahali pa kuishauri serikali iwatawanye mbalimbali ili jamii yao iishe. Mwanaisimu Bernd Heine, aliyekwenda kwao baadaye, alionyesha kwamba Turnbull hakuijua lugha yao vizuri na kwamba mengi aliyoyasema hayakuwa sahihi. Mwaka 2020 watafiti wakiongozwa na Cathryn Townsend walichapisha matokeo ya majaribio ya ukarimu waliyoyafanya kwa Waik. Wakawakuta wakarimu kama watu wa kwingineko.

Nadhani sehemu ya aliyoyaona Turnbull aliyaona kweli. Njaa huwafanya watu hivyo, na vijana wa Minnesota ni mashahidi. Kosa lake ni kuuona upungufu wa siku za njaa akauita asili, kisha, akiwa na shibe yake, akapendekeza hesabu yake mwenyewe ya nani atolewe.

Nami nina yangu. Miaka kadhaa iliyopita, mahali nilipokuwa nikifanya kazi, ilivuma habari kwamba watumishi watapunguzwa. Hakuna aliyekuwa na njaa. Tulikuwa na mishahara ya mwezi huo mifukoni. Lakini ndani ya wiki moja ofisi ilibadilika. Watu walianza kufika alfajiri ili waonekane. Mazungumzo yalikatika mtu akiingia. Tuliokuwa tukichangiana katika misiba tukaanza kukumbuka makosa ya wenzetu, na kuyakumbuka kwa sauti.

Mkuu wetu aliniita siku moja, akaniuliza kama kwa kupita tu: fulani yukoje kazini siku hizi? Nikamjibu kwamba siku nyingi hayupo. Ilikuwa kweli. Kweli nyingine, ambayo niliijua kwa sababu mwenyewe alinieleza, ni kwamba mtoto wake alikuwa amelazwa na yeye ndiye aliyekuwa akilala naye wodini. Hiyo sikuisema. Haikunitoka kwa kusahau. Ilipita kichwani mwangu, ikasimama pale, nikaiacha. Kwenye orodha jina lake lilikuwepo na langu halikuwepo.

Siku ile nilijiambia kwamba nina watoto. Nilikuwa sijaisoma habari ya Mignonette, lakini maneno yalikuja yenyewe, yakiwa yamepangika, kama vile yalikuwa yakinisubiri. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba yeye hawezi, kwamba mambo haya ni ya watu wa zamani walioteketea kwa kiu baharini, simwamini. Namuuliza tu mara ya mwisho alipoogopa, alimwangalia nani.

Narudi kwa yule mwanamke wa Samaria, maana nimekuwa nikimzungumzia mmoja na wako wawili. Wa pili naye alikuwa na njaa. Naye alikubali makubaliano, naye alikula. Asubuhi ilipofika zamu yake, kila hesabu ilikuwa dhidi yake: deni, ahadi, mfano uliokwisha kuwekwa, mwenzake aliyesimama mlangoni akidai haki yake. Akamchukua mtoto, akamficha.

Mfalme aliposikia shauri alirarua mavazi yake, na watu waliokuwa chini ya ukuta wakaona kwamba ndani amevaa gunia. Sura inayofuata inasimulia kwamba siku iliyofuata jeshi la Shamu lilikuwa limekimbia usiku, mahema yao yamejaa chakula, na unga unauzwa langoni kwa bei rahisi. Juu ya mtoto aliyefichwa andiko halisemi neno jingine.